Kambare mkubwa wa kuzalisha katika tangi la nyumbani: tazama kwanza jinsi anavyotaga

Msomaji mmoja ana tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 50. Limekaa na samaki wadogo kwa muda mrefu na chujio lake limekwisha kukomaa, yaani lina bakteria wa kutosha wa kusafisha maji. Sasa anataka kulitenga kwa ajili ya kambare wakubwa, kwa nia ya kuwazalisha. Muuzaji amempa nafasi ya kuchagua kati ya wachanga wa kambare mkia-mwekundu wa Amazon na wachanga wa pangasi, ambao wachuuzi wengi huwauza kwa jina la papa. Anauliza achukue yupi kati ya hao wawili, na kama iko spishi nyingine kubwa ambayo ingemfaa zaidi.

Ndugu msomaji, usichukue yeyote kati ya hao wawili. Nitakueleza sababu kwa urefu, kwa kuwa sababu hiyo hiyo ndiyo itakayokuongoza katika uchaguzi wowote mwingine utakaoufanya.

Kambare mkia-mwekundu, ambaye jina lake la kisayansi ni Phractocephalus hemioliopterus, huishi katika mabonde ya mito ya Amazon, Orinoco na Essequibo, na akikua hupita urefu wa mita moja na uzito wa kilo 40. Tangi lako lina upana wa sentimita 60. Samaki huyo atashindwa hata kugeuka ndani yake kabla hajafikia umri wa kuzaa, na kila mwenzake anayeweza kuingia kinywani mwake atamezwa. Pangasi, Pangasianodon hypophthalmus, naye hufikia sentimita 130. Ni samaki wa makundi, mwenye woga mwingi, anayeogelea bila kutulia na kujigonga pua kwenye kioo kila anaposhtuka. Tangi lako kwa hao wote wawili ni dogo kiasi kwamba suala la kuzaa halifiki hata kujadiliwa.

Hata hivyo, ningekushauri vivyo hivyo kama ungekuwa na bwawa la ndani lenye lita 10,000, kwa maana kikwazo kikubwa zaidi kimo ndani ya samaki wenyewe. Pangasi wa mto Mekong, ulioko Asia ya Kusini Mashariki, husafiri kuupanda mto mvua za masika zinapoanza, hutaga katika maeneo ya maji yaendayo kasi upande wa juu, na vifaranga vyake huchukuliwa na mkondo hadi kwenye nyanda za mafuriko zilizo chini. Safari, kupanda kwa maji, mabadiliko ya joto na ya chumvichumvi zilizoyeyuka majini ndizo ishara zinazoufanya ubongo wa jike utoe homoni ya mwisho ya kukomaza mayai. Ishara zisipokuja, mayai hukua hadi hatua fulani, husimama hapo, kisha mwili huyafyonza tena. Jike anaweza kuwa mnene, mwenye afya na aliyejaa mayai mwaka baada ya mwaka bila kutaga hata mara moja. Wafugaji wa kibiashara waliushinda ugumu huo kwa kuwadunga samaki homoni na kuwakamua mayai kwa mkono. Kwa pangasi wa Vietnam, kazi hiyo ilienea katika miaka ya 1990, na kabla yake vifaranga vilikuwa vikivuliwa mtoni.

Huenda umesikia kwamba kambare wa kawaida wa Afrika, Clarias gariepinus, huzalishwa kwa maelfu katika vituo vya kutotolea, ukajiuliza kwa nini usimtumie yeye. Jambo hilo ni kweli, lakini angalia namna linavyofanyika. Jike hudungwa dondoo ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, au homoni ya kutengenezwa, husubiriwa saa 10 hadi 12 hivi katika maji ya nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, kisha hukamuliwa. Dume hakamuliki kwa urahisi, kwa hiyo kwa kawaida huuawa na korodani zake kukatwa ili kupata mbegu. Vifaranga huanguliwa baada ya siku moja au moja na nusu bila mzazi yeyote wa kuwalinda. Hiyo ni kazi halali ya uzalishaji wa chakula, na inastahili heshima, ila mtu anayetaka kuona familia ya samaki ikianzia ndani ya tangi lake hataipata hapo.

Kwa hiyo swali la kwanza si urefu wa samaki. Swali la kwanza ni hili: kambare huyu porini hutagia wapi, na nani hubaki na mayai? Wale wanaotawanya mayai katika mto uliofurika, waache. Watafute wale wanaotaga ndani ya pango, juu ya gogo, au chini ya kiota cha povu, na ambao baba hubaki akilinda. Kwa samaki wa namna hii ishara za kutaga ni nyepesi zaidi, na mahali pa kutagia panaweza kutengenezwa kwa bomba la udongo au kifuniko cha plastiki. Ukubwa basi upimwe kwa tangi. Kanuni ninayoitumia mimi ni kwamba upana wa tangi usipungue mara mbili ya urefu wa samaki mzima, na kwako wewe hiyo inamaanisha samaki wa hadi sentimita 30. Kwa mtu aliyezoea samaki wa urefu wa kidole, kambare wa sentimita 25 mwenye mwili mzito ni mnyama mkubwa kweli, na anapolinda mayai hakuna atakayekuambia kwamba ni mdogo.

Kabla sijataja majina, pima maji yako ya bomba au ya kisima. Nataka ujue pH yake, yaani kipimo cha uasidi, na ugumu wake, yaani wingi wa madini yaliyoyeyuka ndani yake, kwa sababu ni rahisi zaidi kuchagua samaki anayependa maji uliyonayo kuliko kupigana na maji kila wiki kwa miaka kumi. Kambare wengi wa Amerika Kusini nitakaowataja huzaa vizuri katika maji laini au ya wastani yenye pH kati ya 6 na 7.5. Ikiwa maji yako ni magumu na pH yake inapita 8, soma kwa makini zaidi sehemu ya mwisho, inayomhusu kambare wa Ziwa Tanganyika. Amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, lazima visomeke sifuri kwa samaki yeyote, na nitrati ningependa ikae chini ya miligramu 20 kwa lita wakati wa msimu wa kuzalisha.

Samaki ninayekupendekezea kwa moyo wote ni Hoplosternum littorale, kambare wa deraya kutoka maeneo makubwa ya Amerika Kusini mashariki ya milima ya Andes, kuanzia Trinidad na Venezuela hadi kaskazini mwa Argentina. Mwili wake umefunikwa kwa safu mbili za vigamba vya mfupa kila ubavu, ana sharubu ndefu za kupapasia mchanga, na hufikia sentimita 24. Huishi katika vinamasi vyenye oksijeni kidogo sana, naye hukabili hali hiyo kwa kupanda juu, kumeza hewa na kuifyonza kwa utumbo. Ndiyo maana lazima umwachie nafasi ya hewa ya sentimita kadhaa chini ya kifuniko, na kifuniko chenyewe kibane vizuri, kwa maana hewa baridi inaweza kumdhuru na yeye huruka. Usiutumie ustahimilivu wake kama kisingizio cha kuchelewesha kubadilisha maji. Samaki anayestahimili maji mabaya bado huzaa katika maji mazuri.

Uzazi wake ni wa kupendeza mno. Mvua zinapofurika nyanda za majani, dume huogelea chali chini ya uso wa maji, hupitisha maji na hewa mdomoni na kwenye matamvua pamoja na ute, na hivyo hutengeneza tuta la povu analolichanganya na mimea. Mayai huwekwa ndani ya povu hilo. Povu huyanyanyua kutoka katika maji yasiyo na oksijeni na kuyaweka karibu na hewa, na hilo ndilo linaloyawezesha kukua mahali ambapo mayai ya samaki wengine yangekufa kwa kukosa pumzi. Dume hubaki chini ya kiota akikikarabati, na humshambulia yeyote anayekaribia, ukiwemo mkono wako. Viota vilivyochunguzwa porini vimekutwa na maelfu ya mayai, kwa sababu jike zaidi ya mmoja anaweza kutaga katika kiota kimoja.

Kutambua jinsia si kazi ngumu samaki wakikomaa. Mwiba wa mbele wa pezi la kifuani la dume huwa mnene na mrefu, ncha yake hujipinda kuelekea juu, na rangi yake hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia msimu wa kuzaa ukifika. Mwiba wa jike hubaki mwembamba. Weka dume mmoja na majike wawili. Madume wawili katika tangi lako watapigana kwa miiba hiyo, na majeraha yake ni mabaya.

Utaratibu wa kuwachochea ni kuiga kiangazi na kisha mvua. Kwa wiki tatu hivi acha kina cha maji kishuke hadi sentimita 25 au 30, punguza ubadilishaji wa maji bila kuacha kupima amonia, na weka joto karibu na nyuzi 28. Baada ya hapo anza kuwalisha kwa wingi minyoo, kamba na chakula cha vidonge chenye protini nyingi, huku ukiongeza kila siku maji laini yaliyo baridi kuliko ya tangi kwa nyuzi 3 au 4, hadi kina kirudi juu. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa, na maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, inayoondoa madini, yanafaa pia yakichanganywa na ya bomba. Elekeza chujio pembeni ili uso wa maji utulie kwenye kona moja, na katika kona hiyo weka ielee juu ya maji sahani ya povu gumu au kifuniko cha plastiki yenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, ikiwa imefungwa isitembee. Zungushia mimea inayoelea. Siku ambazo hali ya hewa ya nje inabadilika na mvua inakaribia, wengi wa samaki hawa huanza kujenga.

Mayai yakishatagwa, ondoa majike mara moja. Una njia mbili kutoka hapo. Unaweza kumwacha dume alinde hadi siku ya tatu, kisha ukahamisha kifuniko pamoja na povu na mayai yake kwenye tangi la kulelea lenye maji ya tangi lile lile. Au unaweza kukihamisha mapema na kutegemea kijiwe cha hewa, kinachotoa viputo majini. Mimi hupendelea ya kwanza, kwa kuwa hakuna kifaa kinachotunza povu kama baba mwenyewe. Katika joto la nyuzi 27 vifaranga huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na mara vinapoanguka chini hujificha. Kifuko cha kiini kikiisha, walishe artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, walioanguliwa upya, mara nne au tano kwa siku kwa kiasi kidogo. Kina cha maji katika tangi la kulelea kiwe sentimita 10 hadi 15 ili iwe rahisi kwao kufika juu watakapoanza kumeza hewa. Sakafu ya tangi hilo isafishwe kila siku kwa mrija mwembamba, maana vifaranga hivi hulala juu ya sakafu, na chakula kinachooza chini huvishambulia kwa bakteria kabla mtu hajaona harufu yoyote majini.

Usijaribu kuwalea wote. Chagua mapema idadi unayoweza kuilisha na kuipatia nafasi. Kwa tangi moja la kulelea la lita 100, vifaranga 100 hadi 150 katika wiki za kwanza vinatosha, nao watahitaji kugawanywa wanapokua.

Ikiwa moyo wako unataka samaki wa kutisha zaidi kwa sura, na una subira ya miaka, chaguo langu la pili ni Pseudacanthicus, kambare wa mdomo wa kunyonya mwenye miiba midogo mwili mzima. Wengi wao huuzwa kwa namba zinazoanza na herufi L, mfumo ulioanzishwa mwaka 1988 na jarida la Kijerumani la DATZ kwa ajili ya kambare wa familia ya Loricariidae waliokuwa wakifika sokoni bila majina ya kisayansi. L114 wa bonde la mto Negro nchini Brazil, pamoja na nduguye wa karibu Pseudacanthicus leopardus wa Guyana, ni wenye madoa meusi na mapezi yenye rangi ya chungwa, na hukaribia sentimita 30. Wauzaji wengi huwachanganya na wala mwani, nao hufa polepole kwa njaa. Hawa ni wala nyama: wape kamba, kome, vipande vya samaki na vidonge vya protini, na uwe na chujio lenye nguvu mara mbili ya unalodhani linatosha.

Hao hutaga pangoni. Tengeneza au nunua pango la udongo lenye mlango mmoja, upande wa pili umezibwa, urefu wake ukizidi kidogo urefu wa dume, na upana wake umtoshe dume kuingia mapezi yake yakigusa pande zote mbili. Pango pana kupita kiasi ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Dume akishindwa kuziba mlango kwa mwili wake, hawezi kumzuia jike hadi atage, wala kupepea mayai ipasavyo. Joto la nyuzi 28 hadi 30, oksijeni nyingi, na mkondo unaopita mbele ya mlango wa pango ni mambo yasiyojadiliwa. Mayai na vifaranga viachwe chini ya ulinzi wa baba hadi vimalize kiini chao na kuanza kutoka wenyewe. Dume mmoja kwa tangi, majike wawili ukiwapata. Kwa kuwa hukua polepole na hukomaa baada ya miaka kadhaa, ukianza na wachanga leo usitegemee mayai hivi karibuni.

Kambare mwembamba wa Colombia, Sturisomatichthys aureus, wa sentimita 20 hivi, anastahili kutajwa kwa sababu hutaga usiku juu ya kioo mbele ya macho yako, na dume mwenye ndevu za mashavuni huyalinda hadi yaanguliwe. Kutaga kwake ni rahisi. Kulea ndiko kugumu. Vifaranga wake hula mboga mfululizo na hufa kwa njaa ndani ya muda mfupi chakula kikikosekana, na maji nayo lazima yabaki safi licha ya chakula hicho chote.

Sasa maji magumu. Synodontis multipunctatus wa Ziwa Tanganyika, ambaye tangini hufikia sentimita 15 hivi na porini zaidi ya hapo, ana uzazi wa aina yake: mwaka 1986 mtafiti Mjapani Tetsu Sato alieleza kwamba samaki huyu hupachika mayai yake kwa samaki wengine. Jamaa za perege wanaoatamia mdomoni wanapotaga, kambare hawa huwavamia, hula baadhi ya mayai na kutaga yao hapo hapo. Mama perege huyaokota yote bila kutenganisha. Vifaranga vya kambare huanguliwa mapema kuliko vya mwenyeji na kuwala humo humo mdomoni. Katika tangi, jambo hili hutokea kwa urahisi zaidi ukitumia waatamiaji wa Ziwa Malawi, ambao hawajaishi na kambare huyu na hawajajifunza kumkataa kama walivyojifunza wale wa Tanganyika. Utahitaji kundi la kambare watano au sita pamoja na kundi la wenyeji, katika maji yenye pH ya 8 hadi 9. Lakini fikiri kama uko tayari kutoa sadaka vifaranga vya samaki mmoja kwa ajili ya mwingine. Wapo wafugaji waangalifu ambao hawako tayari, na ninawaelewa.

Kuhusu kununua, uliza asili ya samaki. Synodontis wengi walio sokoni ni machotara waliotengenezwa kwa homoni, na hata mkia-mwekundu huchanganywa na kambare wenye milia wa jenasi Pseudoplatystoma. Mzazi chotara huharibu kazi yako yote, kwani watoto wake hawana jina la kweli na hupaswi kuwasambaza. Nunua wachanga sita wa spishi moja, ikiwezekana kutoka kwa wafugaji wawili tofauti ili wasiwe ndugu wa tumbo moja, uwalee pamoja hadi jinsia zionekane, kisha ubaki na kundi ulilolichagua.

Kabla hujaweka kifuniko au pango la kutagia, pata watu watakaowachukua watoto. Ziada isimwagwe kamwe mtoni, ziwani wala bwawani. Kambare wa jenasi Pterygoplichthys waliotoka katika biashara ya matangi wameenea Florida, Mexico, Ufilipino na kwingineko. Huchimba mashimo katika kingo hadi zikabomoka, na katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico walijaza nyavu za wavuvi waliokuwa wakitegemea perege. Hoplosternum ninayekusifia naye amejikita Florida tangu miaka ya 1990. Samaki mwenye uwezo wa kupumua hewa na kulinda mayai yake hahitaji msaada mwingine ili awe msumbufu katika maji mageni.

Ukianza na Hoplosternum wachanga, wape mwaka mmoja wakue vizuri kabla ya kuwaigia kiangazi cha kwanza. Wakipita misimu miwili ya mvua bila kiota, badilisha dume kwanza, kwa kuwa mara nyingi tatizo liko kwake. Majike yakiendelea kujaa mayai na dume mpya naye asijenge, ndipo uanze kuchunguza ugumu wa maji na nguvu ya mkondo juu ya kona ya kiota.